Kabla Hujaongeza Jani la Springi

Pikapu ikishalala nyuma, gereji nyingi zina jibu moja: ongeza jani. Fundi anatafuta jani la springi la gari jingine, mara nyingi la lori dogo, analikata urefu, analiweka chini ya yale yaliyopo, na kabla jua halijazama gari limenyanyuka. Sipingi jani la ziada pale linapostahili. Ninachopinga ni kuliweka kabla hujajua gari limelala kwa nini, au linagonga kwa nini, au mkia wake unayumba kwa nini. Jani hilo lina gharama ambazo hazionekani siku ya kulifunga.

Tuchukue Toyota Hilux, inayotengenezwa tangu mwaka 1968 na ambayo kwa kazi za mizigo bado inategemea springi za majani nyuma. Jani kuu lina jicho kila mwisho. Jicho la mbele limefungwa kwenye chasisi kwa bolti inayopita ndani ya bushi ya raba. La nyuma limeshikwa na kiungo kinachobembea, kwa sababu springi ikikandamizwa na mzigo hunyooka, na ikinyooka hurefuka, kwa hiyo lazima ipate pa kwenda. Katikati, senta bolti hupenya majani yote, na kichwa chake hukaa kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Halafu kuna yubolti mbili kila upande, zinazobana majani na ekseli pamoja.

Ukaguzi unaanza na futi, na gari likiwa tupu. Lisimamishe kwenye sakafu iliyo sawa, upepo wa tairi za kushoto na kulia ukiwa sawa, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Andika pande zote mbili. Zikiwa chini pande zote, springi zimechoka au kuna jani limevunjika. Ukiwa chini upande mmoja tu, usiilaumu springi ya upande huo papo hapo. Springi ya mbele iliyolegea kulia inaweza kuliinamisha gari zima, na mkia ukaonekana ndio mgonjwa. Zuia tairi za nyuma kwa mawe, weka jeki katikati kabisa ya chuma cha msalaba cha mbele, unyanyue kidogo mpaka uzito wa mbele ukae juu ya sehemu hiyo moja. Mkia ukijiweka sawa, tatizo liko mbele. Ukibaki umeinama, sasa unaweza kulala chini ya gari, lakini si kabla hujaweka stendi. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu.

Huko chini, mahali pa kwanza pa kuelekeza tochi ni kwenye yubolti. Wengi hudhani senta bolti ndiyo inayoishikilia ekseli. Hiyo kazi yake ni kupanga tu. Zinazoshika ni yubolti, kwa nguvu ya kubana. Zikilegea, ekseli huanza kusogea mbele na nyuma kila gari linapoondoka na kila breki inapokanyagwa, na nguvu yote inaangukia senta bolti, chuma chembamba ambacho hakikuumbwa kwa mzigo huo. Siku moja inakatika. Ukichunguza pale bamba la chini linapokutana na springi, ulegevu unajitangaza mapema: vumbi laini la rangi ya kutu limejikusanya kwenye kingo, na kando yake kuna mstari wa chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa. Sehemu iliyobanwa vizuri haing'ai, hukaa na uchafu wake mkavu bila kuguswa.

Senta bolti ikikatika, ekseli hurudi nyuma upande mmoja. Dereva anauona usukani umepinda wakati gari linakwenda moja kwa moja, na aliye nyuma yake barabarani analiona likitembea kiubavu kama kaa. Hapo watu hukimbilia kupima alaimenti ya mbele, wanabadilisha vitu ambavyo havina kosa. Futi ile ile inatoa jibu: usukani ukiwa umenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto, kisha kulia. Tofauti ikifika sentimita moja, usiendelee na safari nyingine kabla ya kufungua.

Mlio nao unaeleza mengi, ukiusikiliza kwa mpangilio. Kugonga mara moja unapoondoka, na tena unapotia rivasi, huwa ni yubolti, bushi au krosi ya propela. Krosi ni rahisi kuitenga: gari limezimwa na kuzuiwa lisitembee, shika propela kwa mikono miwili na uizungushe huku na huku ukitazama kiungo chenyewe. Kugonga kwenye kila shimo dogo, hata gari likienda taratibu, mara nyingi ni bushi za shokapu. Mlio wa kukwaruza kama mlango mkavu hutoka katikati ya majani au kwenye bushi za macho. Usiimwagie grisi raba ya bushi hizo, wala dizeli chafu: mafuta ya petroli huivimbisha na kuilainisha, na mlio utarudi ukiwa na kasoro ya kweli nyuma yake.

Shokapu zinasingiziwa sana. Kwanza, hazibebi mzigo. Kuzibadilisha hakuwezi kuinyanyua pikapu iliyolala. Pili, kile kipimo cha kuusukuma mkia chini na kuhesabu mara unazocheza hakifai sana hapa, kwa sababu majani yenyewe yanasuguana na kuutuliza mkia hata shokapu ikiwa imekufa. Tafuta mafuta yanayovuja kwenye mwili wake. Kisha, baada ya mwendo mrefu wa barabara ya vumbi, sogeza kiganja karibu na kila moja, kwa uangalifu. Shokapu inayofanya kazi hupata joto, kwa kuwa inageuza mtikisiko kuwa joto. Ile iliyobaki baridi wakati mwenzake ni ya moto haifanyi chochote.

Tukiwa tumeyamaliza hayo, na springi kweli imechoka, ndipo tuzungumzie jani. Ugumu wa jani hupanda kwa mchemraba wa unene wake. Kwa upana na urefu ule ule, jani la milimita 8 lina ugumu wa zaidi ya mara mbili ya lile la milimita 6. Kwa hiyo jani la lori halikamilishi seti ya pikapu, linaitawala. Linabeba sehemu kubwa ya kazi peke yake, mgongo wa gari unakuwa mgumu, na mishtuko ambayo springi ingeimeza inakwenda kwenye chasisi na vishikizo vyake, ambako nyufa huanzia.

Gharama ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Pikapu nyingi zisizo na mgawanyo wa breki wa kielektroniki zina vali kwenye chasisi iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Mkia ukishuka kwa mzigo, fimbo inaiambia vali iruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Nyanyua mkia kwa jani nene, nayo vali inadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Breki za nyuma zinabanwa kidogo, za mbele zinabeba karibu kazi yote, zinapata moto, na kwenye mteremko mrefu kama wa Sekenke au Kitonga huo ni msiba unaosubiri. Baada ya kubadilisha urefu wa springi, vali hiyo lazima irekebishwe kwa vipimo vya mtengenezaji. Muulize fundi wako ni lini mara ya mwisho aliigusa.

Kuna pia wanaotia springi kwenye moto wa gesi na kuipiga nyundo ili ipinde upya. Chuma cha springi kilipata nguvu yake kwa kupozwa ghafla kisha kupashwa tena kwa kipimo. Moto wa kienyeji huifuta kazi hiyo, na baada ya wiki chache gari limelala tena. Kuchomelea jani lililovunjika ni kubaya zaidi, maana hukatika tena pembeni ya kiungo. Jani lililokatika si jambo dogo: mwaka 2014 Toyota iliita zirudishwe kukaguliwa pikapu zipatazo 690,000 za Tacoma huko Marekani kwa sababu majani yaliyoliwa na kutu na mkazo yangeweza kuvunjika, yakahama na kugusa vifaa vya karibu, tangi la mafuta likiwemo. Wenye pikapu za kubebea samaki Tanga na Mombasa, ambako maji ya chumvi hudondoka kwenye springi kila siku, waoshe huko chini kwa maji baridi.

Mzigo wenyewe nao upimwe kwa kilo. Pikapu ya tani moja inahesabiwa pamoja na abiria na vyuma vilivyoongezwa kwenye bodi, na magunia kumi ya viazi yaliyofungwa lumbesa yanaipita tani hiyo kwa mbali. Dereva aliyehesabu magunia anaamini hajazidisha.

Ukifikia kufunga seti mpya, nunua na yubolti mpya. Za zamani zimeshavutika na hazibani tena inavyotakiwa. Zikaze kwa kupishana, ya mbele kushoto kisha ya nyuma kulia, hadi kipimo cha kitabu cha gari. Bolti za macho na za kiungo kinachobembea ziache zimelegea mpaka gari litue chini kwa uzito wake, ndipo uzikaze, la sivyo raba za bushi zitabaki zimesokotwa na kuchanika mapema. Rudi ukaze yubolti tena baada ya kilomita mia chache, majani yakishakaa mahali pake, na siku hiyo hiyo upime tena urefu wa madigadi pande zote mbili na kuuandika.