Siri ya Mtoto Wako Isiwe Somo la Mashine

Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya hapa Muze, mama mmoja kijana alinivuta pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

Mtoto alikuwa na homa na vipele. Usiku uliopita mama huyu aliipiga picha kadi ya kliniki kwa simu, akaituma kwenye programu ya akili mnemba, ile inayojibu maswali. Ilimjibu vizuri, tena kwa Kiswahili. Baadaye akakumbuka kwamba kadi ile ina jina lake, jina la mtoto, na majibu ya kipimo ambacho hata mama mkwe wake hajui. "Mama, sasa ile mashine itamwambia nani?"

Mama msomaji, sisi wauguzi hufundishwa kutunza siri ya mgonjwa tangu chuoni. Hapa bondeni, chini ya milima ya Ufipa, neno likisemwa sokoni asubuhi, jioni limefika ziwani. Nimewahi kuona mama akiacha kliniki kwa sababu daftari liliachwa wazi na jirani akalisoma.

Mashine hujifunzaje?

Akili mnemba hufundishwa kwa mifano mingi mno: maandishi, picha na sauti za watu. Ni kama mwanafunzi wa uuguzi anayeona wagonjwa wengi hadi aujue ugonjwa. Lakini mwanafunzi huapa kutunza siri, mashine haiapi. Watafiti wamewahi kuonyesha kwamba mashine ya namna hii inaweza kutoa tena majina na namba za simu ilizosoma. Tena, kilichokwisha kuingia katika mafunzo yake ni vigumu kukitoa. Kwa hiyo wajibu ni wa wanaoifundisha: waombe ruhusa kwanza.

Jirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Waliokubali picha zao zihifadhiwe waliambiwa zitasaidia kuboresha mitambo ya mradi. Agosti mwaka huo serikali iliusimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo zifutwe, maana ridhaa iliyovutwa kwa fedha si ridhaa ya kweli.

Sheria yetu yasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Taarifa za afya na za watoto ni taarifa nyeti. Kwa kawaida hutakiwa ridhaa ya maandishi. Taarifa ikusanywe kwa kusudi linalojulikana. Ukimpa muuguzi habari zako ili utibiwe, hujamruhusu mtu mwingine kuzifundishia mashine. Una haki ya kuuliza, kukataa, kudai marekebisho, na kulalamika kwenye Tume.

Ufanye nini nyumbani?

• Usitume picha ya kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho. Uliza swali bila majina.
• Tazama mipangilio ya programu. Nyingi zina mahali pa kuzuia mazungumzo yako yasitumike kuifundisha.
• Mtu akija na simu kuandikisha watoto au kupiga picha, muulize: za nini, zitakaa wapi, nani ataziona?
• Waambie na watoto wakubwa. Wao ndio hushika simu kuliko sisi.

Nasi wauguzi tujionye. Picha ya kidonda iliyotumwa kwenye kundi la simu bila ruhusa ni siri iliyovuja, hata kama nia ilikuwa njema.

Yule mama tulikaa naye kwenye benchi, tukafuta mazungumzo yale na kuzima ruhusa ya mafunzo. Sikumwahidi kwamba yote yamefutika huko yalikofika. Nilimwambia kesho alfajiri amlete mtoto kliniki. Alikuja, na mtoto akatibiwa.