Kiingereza cha Sokoni na Kiingereza cha Kitabuni

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Juba huingia ukumbi wa mihadhara akiwa na lugha tatu au nne kichwani. Nyumbani ameongea Kidinka, Kibari, Kinuer au Kizande. Mtaani ni Kiarabu cha Juba. Kama vita vilimkimbiza hadi kambi ya Kakuma nchini Kenya au kambi za Uganda, Kiswahili nacho anakisikia na kukijibu. Kiingereza anakijua vya kutosha kununua laini ya simu pale soko la Konyokonyo, kupatana bei na mfanyabiashara wa Kampala na kutaniana na rafiki. Halafu anapewa sura ya kwanza ya kitabu cha bayolojia, na ukurasa mmoja unammalizia usiku mzima.

Walio wepesi wa kuhukumu husema huyu mvivu. Wanamwonea.

Mwaka 1979 Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alitenganisha mambo mawili ambayo walimu wengi walikuwa wakiyachanganya: lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya kwanza ina visaidizi tele. Unaona uso wa mwenzako, mkono wake unaonyesha bidhaa, na jambo mnalozungumzia liko mbele ya macho. Ya pili imebaki na maandishi matupu. Cummins alipochambua takwimu za watoto wahamiaji waliosoma Toronto, aliona kwamba wengi huzungumza Kiingereza vizuri ndani ya miaka 2 hivi, lakini huwachukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzao katika Kiingereza cha darasani. Na hao walikuwa Toronto, wamezungukwa na lugha hiyo asubuhi hadi usiku.

Sasa tazama Juba. Chuo chenyewe kilianzishwa kwa amri ya 1975, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1977, kikifundisha kwa Kiingereza. Mwaka 1989 vita vikakihamishia Khartoum, na katika miaka ya 1990 serikali ya huko ikataka vyuo vikuu vifundishe kwa Kiarabu. Baada ya mkataba wa amani wa 2005 kikaanza kurudi nyumbani, na 2011 katiba ya mpito ya nchi mpya ya Sudan Kusini ikatamka kwamba Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kazi na ya kufundishia katika ngazi zote. Darasa moja leo linaweza kuwa na aliyesoma Khartoum kwa Kiarabu, aliyesoma Nakuru kwa Kiingereza, na aliyesoma chini ya mwembe kwa vyovyote mwalimu alivyoweza. Amri hutiwa saini kwa dakika moja. Ubongo hauna uwezo wa kuitii kwa kasi hiyo.

Ugumu wa ukurasa ule wa bayolojia unaweza kupimwa. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili msomaji aelewe andiko bila msaada, anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Kwenye ukurasa wa maneno 300, hiyo ni kukwama mara 6 tu. Akijua asilimia 90, anakwama mara 30, na hapo kamusi haisaidii tena, kwa sababu akifika mwisho wa sentensi amekwishasahau mwanzo wake. Waliojua asilimia 80 tu katika jaribio hilo, hakuna hata mmoja aliyeelewa vya kutosha.

Habari njema ni kwamba maneno yanayokwamisha hayatapakai ovyo. Mwaka huohuo wa 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichambua maandishi ya kitaaluma yenye maneno milioni 3.5, kuanzia sheria hadi biashara na sayansi, akapata familia 570 za maneno zinazojirudia katika fani zote. Familia hapa ni neno pamoja na yote yaliyonyambuliwa kutoka kwake. Hizo 570 peke yake hubeba takriban asilimia 10 ya andiko la kitaaluma. Ni maneno kama *derive*, *hypothesis* na *whereas*, ambayo hutayasikia Konyokonyo hata ukishinda huko mwezi mzima.

Sarufi nayo ina vikwazo vyake, na vinaeleweka ukijua mtu anatoka wapi. Kiarabu cha Juba kilizaliwa karne ya 19 katika kambi za wanajeshi na wafanyabiashara, sawa na ndugu yake Kinubi kinachosemwa Kibera nchini Kenya na Bombo nchini Uganda. Kitenzi chake hakibadiliki: *ana gi rua*, ninakwenda, *ana bi rua*, nitakwenda. Kinachobadilika ni kile kijisehemu cha mbele, jambo ambalo Mswahili hulielewa mara moja. Kiingereza kinataka ubadilishe mkia wa kitenzi, tena mara nyingi kwa sauti moja tu ya *s*, ileile inayobeba pia wingi na umiliki. Kidinka, kwa upande wake, hakina *s* kabisa katika sauti zake za asili, na wingi wa nomino hufanywa kwa kugeuza ndani ya neno. Mtu aliyekulia huko akidondosha *s* ya mwisho, mwalimu asimwandikie kuwa hajali. Sikio lake ni kali: Kidinka hutofautisha irabu fupi, ya kati na ndefu, mgawanyo wa nadra sana duniani.

Je, umri? Wengi Juba wanafika chuoni wakiwa wamechelewa kwa sababu ya vita. Utafiti mkubwa wa 2018, wa Hartshorne na wenzake, uliowapima watu karibu 670,000, ulikadiria kwamba wepesi wa kunasa sarufi hudumu hadi miaka 17 hivi, kisha hupungua. Hupungua, haukatiki. Msamiati, unaoamua kama ukurasa utaeleweka, huendelea kukua hadi utu uzima.

Basi maneno yaingieje? Hapa kuna jaribio ambalo Waswahili wengi hawajui kwamba lugha yao ndiyo iliyotumika. Mwaka 2008 Karpicke na Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani maneno 40 ya Kiswahili, *mashua* likiwa mojawapo, wajifunze maana zake kwa Kiingereza. Baadhi, wakishalijua neno, waliendelea kulisoma bila kuulizwa tena. Wengine waliendelea kuulizwa. Baada ya wiki moja, walioulizwa walikumbuka takriban asilimia 80, wale wengine kama asilimia 35. La kushangaza, makundi yote yalikuwa yametabiri matokeo sawa, kama nusu ya maneno. Kurudia kusoma kunampa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo inamdanganya.

Lipo swali jingine: je, lugha za nyumbani zizuiwe darasani? Mwaka 1928, pale Rejaf karibu na Juba, wakoloni na wamisionari walichagua lugha tisa za kufundishia shule za mwanzo, zikiwemo Kibari, Kidinka na Kizande. Sababu zao za kisiasa sizitetei. Lakini Nigeria, katika mradi wa Ife ulioanza 1970, watoto waliofundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo, hawakuachwa nyuma kwa Kiingereza. Anayelielewa wazo kwa lugha yake hubaki na kazi moja tu, kulitafutia jina. Ndiyo maana naona wanafunzi wa Juba waachwe wajadili osmosisi kwa Kiarabu cha Juba kwa dakika kumi, kisha waiandike kwa Kiingereza.

Na mhadhiri, asiye na maabara ya lugha wala umeme wa uhakika, bado ana la kufanya. Familia 570 ukizigawa kwa wiki 30 za masomo ni 19 kwa wiki. Kila Jumatatu, dakika tano za mwanzo, vitabu vifungwe na kila mtu aandike maana za maneno ya wiki iliyopita na machache ya mwezi uliopita, kwa lugha yoyote aliyo nayo. Karatasi hazihitaji alama. Majibu sahihi tu yasomwe papo hapo, ili aliyekosea asiondoke na kosa lake.