Kijana Hapimwi kwa Tepu

Nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii tumeinyonya pamoja na maziwa ya mama, na hapana baraza la Mvita, Lamu wala Malindi ambalo halijaitumia kumpamba kijana mmoja na kumfifiza mwengine. Mimi pia nimeitumia, tena kwa kinywa kipana. Leo naomba radhi, mpenzi msomaji, kwani majuzi nilikaa kando ya uwanja mmoja wa vumbi huko Matinyani, Ukambani, nikarudi nyumbani nina shaka na hiyo asubuhi yenyewe.

Nilikwenda Kitui kuhani msiba kwa jamaa zangu. Wasioujua mji ule hushangaa kusikia kuwa Mswahili ana jamaa huko, walakini njia ya Kitui na Mombasa ni ya zamani mno. Katikati ya karne ya 19 Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, akiteremsha pembe za ndovu hadi pwani, na mwaka 1849 alimkaribisha kwake yule mmisionari Krapf aliyetokea Rabai. Watu wakipita njia moja miaka mingi huachiana vyakula, maneno na wajukuu.

Baada ya hitima, rafiki yangu mmoja, mwalimu wa michezo, akanijia. Yeye ni Mkamba wa hapo hapo Matinyani, upande wa Kitui Magharibi. Akaniambia, "Ustadhi, wewe umekaa na mpira wa Mombasa tangu ujana. Kesho nina mechi ya shule. Kuna klabu imenipa nafasi ya kupeleka kijana mmoja akajaribiwe. Vijana ninao wawili. Njoo uniazime jicho lako."

Nikaenda. Uwanja wenyewe ulikuwa mwekundu kama ukuta wa udongo, umeinamia upande mmoja, na majani yamebaki kwenye kona tu. Mpira ukidunda hujui utaruka wapi. Wanafunzi walijipanga pembeni na matawi, na akina mama wawili watatu walisimama chini ya mwembe, mmoja mikono yake haiachi kusuka kiondo.

Kijana wa kwanza alivaa namba 9. Mrefu, kifua kipana, mbio kama swala. Alifunga mabao matatu, na kila alipofunga uwanja uliwaka. Wa pili alivaa namba 6, mwembamba, kimo chake hakimfiki mwenziwe begani. Hakufunga hata moja. Kipenga cha mwisho kilipolia, mtu wa pembeni angeapa kuwa kijana wa kupelekwa amekwisha kujulikana.

Hapo ndipo mwalimu aliponiuliza, "Umeona nini?" Nikamjibu niliyoyaona. Yale mabao matatu yalifungwa dhidi ya beki aliyekuwa akichechemea tangu dakika ya kumi. Namba 9 akipokonywa mpira alisimama kiunoni mikono, akingoja waja wengine wamletee. Yule namba 6, kabla mpira haujamfikia, alikuwa amekwisha kugeuza shingo mara mbili, kushoto na kulia, kama mtu anayevuka barabara. Akikosea pasi, yeye ndiye wa kwanza kuikimbilia. Na uwanja ule unaomrusha kila mtu mpira kifuani, yeye aliupokea ukatulia.

Mwalimu akacheka. Akasema, "Basi tumeona mamoja. Lakini kocha wa mjini ataniuliza kimo chake kabla hajaniuliza jina lake."

Neno hilo lilinikumbusha Wamarekani. Wao wana mpira wao ule wa kubeba kwapani, na vijana wanaoucheza vyuoni hugawanywa kwa timu za kulipwa kila mwaka katika shughuli waiitayo drafti. Si ile drafti ya vizibo vya soda tunayoicheza barazani. Ni mnada wa heshima: timu 32, raundi saba, na timu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo huchagua mwanzo, ili mnyonge naye apate kuinuka. Ya kwanza ilifanywa mwaka 1936.

Kabla ya siku hiyo, vijana zaidi ya mia tatu hualikwa mjini Indianapolis wakapimwe. Hupimwa kimo, uzito, urefu wa mkono na upana wa kiganja. Hukimbizwa yadi 40, yaani mita 36 na nusu, saa ikisoma hadi sehemu ya mia ya sekunde. Hulazwa chali wakainua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Huruka juu, huruka mbele, huulizwa maswali, na waganga huwakagua viungo kimoja kimoja. Ungedhani baada ya hayo hapana wa kukosea tena.

Walakini hukosea, na makosa yao ni ya kusimuliwa. Mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka ule wa 1936, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza mpira wa kulipwa hata mechi moja. Mwaka 2000 kijana aitwaye Tom Brady alikimbia zile yadi 40 kwa sekunde 5.28, mbio za mtu anayewahi matatu. Wenziwe 198 wakachaguliwa mbele yake. Huyo ndiye aliyekuja kutwaa ubingwa wa nchi mara saba. Kurt Warner naye hakuchaguliwa na yeyote mwaka 1994. Akawa anapanga bidhaa usiku katika duka la vyakula, kisha mwanzoni mwa mwaka 2000 akaiongoza timu yake kutwaa ubingwa huo huo.

Na kinyume chake pia kipo. Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na timu ya Indianapolis mwaka 2013 ilhali hakuwahi kuucheza mpira ule. Mwili wake ulikuwa wa kutamanika na mbio anazo, lakini alicheza mechi chache tu, mambo yakaishia hapo. Mwili ni mlango, si nyumba.

Mimi hutunga na husoma tungo za watu, na kazi hii imenifunza jambo moja kuhusu kupima. Huja shairi limetimia mizani nane kwa nane, vina havikupungua, kituo kimekaa pake, na ndani yake hamna kitu. Huja jengine lina mguu mfupi katika mshororo mmoja, na ukilisoma usiku hulali. Sisemi mizani haina kazi, kwani asiyejua mizani si mshairi. Nasema mizani hukwambia nani asiingie, haikwambii nani abaki. Zile yadi 40 ni mizani. Goli tatu dhidi ya beki kiwete ni vina.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta ushahidi. Hapo hapo Kitui alizaliwa Benson Masya, mwaka 1970. Aliyemwona kijana akimwona bondia, maana ngumi ndizo alizozianza. Mwaka 1992 bondia huyo alishinda mbio za kwanza za dunia za nusu marathoni, huko South Shields, Uingereza, na marathoni ya Honolulu akaitwaa mara tatu. Alifariki mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 33 tu. Lau wangelimpima kwa makonde peke yake, dunia isingejua kuwa ana miguu.

Tena yuko Michael Olunga. Huyu alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya huku akicheza ligi, hata mashabiki wakamwita Injinia. Hakuwa mtoto wa kuchukuliwa Ulaya na miaka kumi na sita. Mwaka 2018 alifunga mabao matatu katika mechi moja ya ligi kuu ya Uhispania akiwa na Girona, na mwaka 2020 akafunga mabao 28 huko Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi yao. Nyota hiyo ilionekana baada ya adhuhuri, na haikuwa na upungufu wowote.

Sasa nimwambie msomaji lililo moyoni. Mwaka 1994 nilikuwa katibu wa timu moja ya mtaani kwetu, na kamati ilinituma nichague vijana. Alikuja kijana mmoja mdogo, mguu wa kushoto mtamu, viatu vya kuazima. Nilimtazama kwa dakika kumi, nikasema mbele ya wenziwe, "Huyu upepo wa kusi utamchukua." Watu wakacheka, nami nikafurahi kuwa nimesema neno la kuchekesha. Yule kijana akavua viatu, akamrudishia mwenyewe, akaenda zake. Sikumwona tena uwanjani, pale wala pengine. Miaka mingi baadaye tulikutana safu moja msikitini siku ya Ijumaa. Alinipa mkono kwa heshima, akaniita mwalimu. Laiti angelinitukana ningelipata nafuu.

Ndiyo sababu pale Matinyani sikutaka kusema neno jepesi. Nilimwambia mwalimu: mwandikie kocha barua, usimpe kimo peke yake. Mwandikie kuwa kijana hutazama kabla ya kupokea, kuwa hukimbilia kosa lake mwenyewe, kuwa alicheza dakika 90 juu ya uwanja wa mawe. Mwandikie na umri wake wa kweli, wa cheti cha kuzaliwa, kwani kumpunguzia kijana miaka ni kumwibia mtoto mwengine nafasi. Na yule namba 9 usimtupe. Mwambie mbele ya wazazi wake lililopungua, ili apate la kutengeneza.

Jioni tulikwenda kwa mama yake namba 6. Nilimwamkia, "Wi museo, mwaitu?" akacheka kwa Kikamba changu, akatuletea muthokoi na maji ya kunawa. Mwalimu akaeleza habari ya majaribio. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Akivunjika mguu huko, atarudi kwangu na nini?"

Hapana aliyemjibu upesi. Katika zile safari zote za Indianapolis, za tepu na saa na mizani, sidhani kama kuna swali zito kuliko hilo. Wale wa Marekani angalau hutoka vyuoni; wetu hutoka kidato, na wengi huacha kitabu mezani wakidhani watakirudia.

Baada ya kitambo mwalimu akasema, "Atarudi na cheti, mama. Hatakwenda popote kabla ya mtihani wa kidato cha nne." Mama akamtazama mwanawe. Kijana alikuwa ameinama, anafuta vumbi kwenye viatu kwa kitambaa, kimoja cheusi na kimoja cha buluu. Akaitika kwa kichwa.

Barua tuliiandika usiku ule ule, kwa mwanga wa taa, mwalimu akishika kalamu nami nikitafuta maneno. Pale palipotakiwa kimo tuliandika kimo chake kama kilivyo, hatukuongeza hata inchi. Majaribio ni baada ya mtihani, Inshallah. Kama kocha atamkubali au atamkataa, hilo ni lake na la Mola wake. Nami nimemwomba mwalimu asiache kunijulisha.