Mukorea aliyeanguka mara nne

Wandugu wengi hapa masomoni wanajua pigano la Ali na Foreman, Kinshasa, mwaka 1974. Lakini mwaka ule ule, Julai, kulikuwa lingine hapa Afrika ambalo watu hawalizungumzi. Huko Durban, askari kijana wa Korea ya Kusini, jina lake Hong Soo-hwan, alimpiga Arnold Taylor, mwenyeji. Taylor alianguka mara nne, na kila mara akaamka, mpaka raundi 15 zikaisha. Hong akashinda kwa alama, akawa shampioni wa dunia wa WBA, uzito wa kilo 53 na nusu. Machi 1975 Alfonso Zamora wa Mexico akamnyang'anya.

Yaliyofuata hayaeleweki bila kujua kanuni. Mtu akianguka, mwamuzi anahesabu mpaka kumi. Asipoamka, njo mwisho. Tena pahali pengi kulikuwa na kanuni ingine: akianguka mara tatu katika raundi moja, pigano linasimamishwa, hata kama angali na nguvu.

Tarehe 26 Novemba 1977, katika mji wa Panama, Hong alitafuta taji la pili, la kilo 55 na kidogo. Mpinzani wake, Héctor Carrasquilla, alikuwa na miaka 17 tu (kama wenzetu wa mwaka wa tano!), lakini watu 11 aliopigana nao, wote 11 aliwalaza chini. Raundi ya pili akamwangusha Hong mara nne. Kanuni ya mara tatu haikutumika ile siku. Ingetumika, Hong angerudi kwao bila kitu. Kengele ikalia. Raundi ya tatu akamwendea yule kijana, akampiga tumboni, akamsukuma kwenye kamba, akamaliza na mkono wa kushoto. Carrasquilla hakuamka. Wakorea wakatunga msemo: kuanguka mara nne, kuamka mara tano. Hesabu hiyo haikai sawa, lakini tuwaachie.

Sisi tunamsifu mtu, hatusifu kanuni. Mwaka 1982, huko Las Vegas, Mukorea mwingine, Kim Duk-koo, alipigwa sana na Ray Mancini. Raundi ya 14 akaanguka, akajikaza kuamka. Kisha siku chache akafa. Juu ya hiyo WBC ilipunguza raundi toka 15 mpaka 12. Mwamuzi wa Panama angeweza kuona mambo kama hayo.

Hong alitetea taji lake mara moja, Tokyo, Februari 1978. Mei akalipoteza kwao Seoul, mbele ya Ricardo Cardona wa Kolombia, katika raundi ya 12.