Kwa Nini Taa za Kibodi Haziwaki Kwenye Linux

Sisi tunaoishi kaskazini mwa Ulaya tunajua jinsi giza la Desemba linavyoingia mapema. Kwa anayeandika usiku baada ya kazi, kibodi yenye taa chini ya vitufe si pambo. Lakini mara nyingi mtu akiweka Linux kwenye kompyuta yake ya mezani, kibodi ya bei nafuu iliyokuwa ikiwaka vizuri kwenye Windows inagoma kuwaka. Herufi zinaandikika kama kawaida, taa hakuna. Wengi huamua kwamba imeharibika. Ni nzima kabisa, na chanzo cha tatizo ni cha mwaka 1984.

Mwaka huo IBM ilitoa kompyuta ya PC/AT, ambayo kibodi yake ilikuwa na taa tatu ndogo: Num Lock, Caps Lock na Scroll Lock. Kibodi haikujiwashia taa hizo. Ukibonyeza kitufe, kibodi hupeleka habari kwenye kompyuta. Kompyuta ndiyo inayoamua, kisha hurudisha agizo la kuwasha au kuzima. Utaratibu huo ulihamia kwenye USB na unatumika hadi leo.

Siku hizi ni wachache wanaohitaji Scroll Lock. Watengenezaji wengi wa kibodi za bei nafuu wakaona hapo nafasi: wakaziunganisha taa zote za chini ya vitufe na agizo la Scroll Lock. Kwa njia hiyo hakuna haja ya programu maalumu. Kwenye Windows unabonyeza kitufe hicho, agizo linarudi, kibodi inawaka.

Kwenye Linux, mpangilio wa kawaida wa X11, mfumo unaosimamia madirisha na kibodi, haujakipa kitufe hicho kazi yoyote. Ukikibonyeza, habari inafika lakini hakuna agizo linalorudi.

Kwanza hakikisha kibodi yako ni ya aina hii. Nyingine huwashwa kwa kubonyeza Fn pamoja na kitufe kingine. Hizo hujiendesha zenyewe, Linux haihusiki. Kama yako inategemea Scroll Lock, na unatumia X11, fungua terminali uandike:

xset led named "Scroll Lock"

Amri hii iweke kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta. Kwa wanaotumia Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, xset haisaidii. Andika moja kwa moja kwenye faili la kerneli, yaani kiini cha Linux:

echo 1 | sudo tee /sys/class/leds/*::scrolllock/brightness

Ukitaka kuzima, weka 0 badala ya 1.

Usishangae taa zikizimika ukibonyeza Caps Lock. Mfumo unapobadilisha taa moja unaweza kutuma upya hali ya zote tatu, na kwa hesabu yake Scroll Lock haijawashwa. Rudia amri, zitawaka tena.

Wengi wetu hutuma nyumbani kompyuta zilizotumika zikiwa na Linux, kwa kuwa haina gharama ya leseni na huziwezesha mashine za zamani kufanya kazi tena. Ndugu yako akilalamika kwamba kibodi imekufa taa, usikimbilie kununua nyingine. Mtumie amri hizi mbili ajaribu kwanza.