Sekunde moja ya Auburn

Futiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani huchezwa Jumamosi. Ligi ya wachezaji wa kulipwa, NFL, ina Jumapili yake, na mgawanyo huo haukuachwa kwa hiari ya watu. Sheria ya utangazaji wa michezo ya mwaka 1961 iliziruhusu timu za NFL kuuza haki za matangazo kwa pamoja, lakini kinga hiyo huondoka pale ligi inaporusha mechi zake Ijumaa usiku au Jumamosi karibu na viwanja vya shule na vyuo, kuanzia Septemba hadi katikati ya Desemba. Kwa hiyo Jumamosi za msimu wa majani kupukutika zimebaki mali ya vyuo.

Timu ya chuo hucheza mechi 12 tu katika msimu wa kawaida. Klabu ya soka ikiteleza siku moja, ina wiki nyingi za kujirekebisha. Timu ya chuo iliyofungwa mara moja ilibaki kuomba wengine nao wafungwe, maana kwa miongo mingi bingwa alipatikana kwa kura za waandishi wa habari na makocha. Hata ulipoanza mfumo wa BCS mwaka 1998, kura na kompyuta ndizo zilizochagua timu mbili za kucheza fainali. Waliobaki walikwenda kucheza mechi za heshima tu.

Wikendi inayoonyesha vizuri uzito wa utaratibu huo ni ile ya mwisho wa Novemba 2013, ukiwa msimu wa mwisho wa BCS. Wiki hiyo ya sikukuu ya Thanksgiving ndiyo ambayo watani wengi wa jadi hukutana. Alhamisi usiku Mississippi State iliifunga Ole Miss 17-10 katika muda wa nyongeza. Jumamosi ya tarehe 30, kuanzia saa sita mchana kwa saa za Mashariki, Ohio State ilikuwa Ann Arbor kwa Michigan. Ohio State ilikuwa haijafungwa msimu mzima. Michigan, ambayo haikuwa na lolote la kupoteza zaidi ya jina lake, ilipata tachidauni, yaani ilifikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, ikiwa imebaki chini ya dakika moja na matokeo yakawa 42-41. Ingeweza kupiga mpira kati ya nguzo, ipate pointi moja na kulazimisha muda wa nyongeza. Ikaamua kutafuta pointi mbili, pasi ikanaswa, na Ohio State ikaondoka salama. Uamuzi ule ulikuwa sahihi hata kama haukuzaa: mwenyeji dhaifu akipewa nafasi ya kumaliza kazi kwa mchezo mmoja, hana sababu ya kumpa mgeni wake muda zaidi.

Mechi hiyo ilikuwa haijapoa wakati Alabama na Auburn zilipoanza kusini. Jimbo la Alabama halina timu ya NFL, hivyo mapenzi yote ya futiboli yamegawanyika kati ya vyuo hivi viwili. Uhasama wao ni mzito kiasi kwamba kati ya mwaka 1907 na 1948 havikukutana kabisa, baada ya ugomvi ulioanzia kwenye mambo madogo kama posho za wachezaji na uteuzi wa waamuzi. Mechi yao huitwa Iron Bowl, jina lililotokana na Birmingham, mji wa viwanda vya chuma ambako ilichezwa kwa muda mrefu. Auburn haikuipata nyumbani kwake hadi mwaka 1989.

Mashabiki wa Auburn hufika mapema, wakachoma nyama nyuma ya magari yao, kisha wakaingia uwanja wa Jordan-Hare kumtazama tai hai akizunguka angani kabla ya mchezo. Mwaka 2013 uwanja huo ulikuwa na nafasi ya watu 87,451. Mwaka uliotangulia Alabama ilikuwa imewacharaza 49-0, katika msimu ambao Auburn haikushinda hata mechi moja ya kanda yake, yaani kundi la vyuo inaloshindania. Sasa, chini ya kocha mpya Gus Malzahn, ilikuwa ya nne katika orodha ya ubora. Alabama ya Nick Saban ilikuwa ya kwanza, bingwa wa miaka miwili mfululizo, na haijafungwa.

Alabama iliongoza 28-21 katika robo ya mwisho, baada ya AJ McCarron kumrushia Amari Cooper pasi iliyozaa tachidauni ya yadi 99. Auburn ilisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 32. Muda ulipokwisha, Saban alidai kwamba mchezaji wake alikuwa ametoka nje ya mstari kabla saa haijafika sifuri. Waamuzi wakatazama picha na kurudisha sekunde moja. Kwa sekunde hiyo aliyoidai mwenyewe, Saban akaamuru mpira upigwe kuelekea nguzo kutoka yadi 57.

Hapa ndipo kanuni isiyotajwa sana ilipofanya kazi. Mpira uliopigwa kuelekea nguzo ukaishia njiani unaweza kudakwa na timu inayojilinda na kukimbizwa. Zaidi ya hapo, timu inayopiga hupanga mstari wa vijana wakubwa wenye kazi ya kuzuia, si ya kukimbizana. Auburn ilimweka Chris Davis nyuma kabisa, chini ya nguzo. Mpira wa Adam Griffith, mpigaji wa Alabama, ukapungukiwa, Davis akaudaka, akapita pembeni kushoto na kukimbia kama yadi 109 huku miili mizito ya Alabama ikimgeukia kwa kuchelewa. Auburn 34, Alabama 28. Uwanja ukafunikwa na watu.

Ushindi huo ulibadili ramani nzima. Alabama iliondoka katika mbio za ubingwa kwa mchezo mmoja. Wiki iliyofuata Ohio State nayo ikafungwa na Michigan State 34-24, Auburn ikaifunga Missouri 59-42 na kuchukua kanda, ikaenda fainali. Huko, Januari 2014, ilifungwa na Florida State 34-31.

Upande wa pili kulikuwa na Cade Foster, mpigaji wa kwanza wa Alabama, aliyekosa mara tatu kabla ya hapo katika mechi ile. Alitukanwa na kutishiwa na watu waliojiita mashabiki wa timu yake, na Rais mstaafu George W. Bush akamwandikia barua ya kumtia moyo. Foster alikuwa mwanafunzi asiyelipwa mshahara, chini ya kocha aliyepata zaidi ya dola milioni 5 kwa mwaka. Tofauti hiyo ilianza kupungua Julai 2021, wachezaji waliporuhusiwa kuuza matumizi ya majina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa.

Mengine pia yamegeuka. Haki za televisheni zimevivuta vyuo kutoka kanda vilikozaliwa, hadi Stanford na California, vyuo vya ufukweni mwa Pasifiki, vikajiunga mwaka 2024 na kanda yenye jina la Atlantiki. Mwaka huohuo mtoano wa ubingwa, uliokuwa na timu nne tangu msimu wa 2014, ukapanuliwa hadi timu 12.

Matokeo yake yalionekana mapema. Tarehe 30 Novemba 2024, miaka 11 kamili baada ya siku ile, Michigan isiyokuwemo hata katika orodha ya ubora ilikwenda Columbus na kuifunga Ohio State 13-10. Wachezaji wakapigana kwa sababu ya bendera iliyopandwa katikati ya uwanja, na polisi wakatumia dawa ya kuwasha. Katika mfumo wa zamani msimu wa Ohio State ungekuwa umekufa pale pale. Badala yake iliingia katika mtoano, ikazitoa Tennessee, Oregon na Texas, na Januari 20, 2025 ikaifunga Notre Dame 34-23 na kutwaa ubingwa. Mashabiki wa Michigan walipata ushindi wao wa nne mfululizo dhidi ya watani, na wa Ohio State walipata kombe.