Tutakula Nini Mwaka wa Saba?

Somo: Mambo ya Walawi 25:1–7 na 18–22



Mfugaji wa Kajiado anajua ugumu wa kuacha majani yakae. Karibu na boma hutengwa olopololi, malisho ya ndama na ng'ombe dhaifu. Mvua ikichelewa kundi lote hulia njaa, na majani yale yako pale pale mbele ya macho.

Waisraeli walipewa jaribu kubwa kuliko hilo. Miaka sita walime. Mwaka wa saba ardhi ipumzike, wasipande wala wasivune na kuweka ghalani. Kilichoota chenyewe kiliwe na wote, mwenye shamba, mtumishi na mgeni. Kutoka 23:11 inawataja pia maskini, na hata wanyama wa mwituni.

Mungu alijua watauliza, watakula nini? Swali hilo limeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Wala hakuwakemea, bali aliahidi kwamba mazao ya mwaka wa sita yatatosha miaka mitatu. Angalieni: baraka ilitangulia, ndipo mapumziko yakafuata. Tena haikuwa ruhusa ya uvivu, maana miaka sita ilikuwa ya jasho.

Sisi hatumo chini ya sheria hiyo, lakini swali ni letu. Mwezi Septemba 2021 Wayahudi waliingia mwaka wa saba. Mwezi huo huo Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na hapa Kajiado ng'ombe wakafa, wa waombaji na wa wasioomba. Basi tusimwambie aliyebaki na boma tupu kwamba alikosa imani.

Imani ni nini basi? Huko Kitengela, kuanzia mwaka 2000, baadhi ya wenye ardhi walikubali kupokea kodi ndogo ili wasiweke seng'enge, nyumbu na pundamilia wa Mbuga ya Nairobi wapate kupita. Mkulima wa Israeli hakulipwa kodi. Alikuwa na neno la Mungu tu, akaliacha shamba wazi.

Ndugu, anayemtumaini Mungu hufanya kazi, kisha hufungua mkono. Jirani yako anauliza leo atakula nini. Huenda akiba yako ya mwaka wa sita ndiyo jibu ambalo Mungu amemwekea.

Tuombe. Ee Bwana, ardhi ni yako, nasi ni wageni wako. Utufundishe kukutumaini, na kumfungulia jirani lango. Amina.